Kijerumani: subiri sentensi ifike mwisho

Mswahili akianza Kijerumani huonywa kwanza kuhusu der, die na das, vibainishi vinavyotangulia nomino. Kwa maoni yangu onyo hilo limekuzwa mno. Sisi tumekulia kwenye ngeli: kiti kimevunjika, mti umeanguka, na hatuhitaji kufikiri. Shika kila nomino pamoja na kibainishi chake, der Tisch (meza), die Tür (mlango), das Fenster (dirisha), kisha songa mbele. Kinachotupoteza hasa ni kitenzi.

Kiswahili hukimaliza kitenzi palepale. Nikisema "sijameza", umeshajua ni nani, na kwamba jambo halijafanyika. Mjerumani ataanza: Ich habe meine Tabletten heute Morgen… na bado hujui amemeza dawa zake au la. Jibu linakuja mwishoni: nicht genommen, yaani hajameza. Nahudumia wazee huku Leipzig, Ujerumani, na sentensi za namna hii nazisikia kila zamu. Ukiitikia kabla hajamaliza, unaweza kuandika kinyume cha alichosema. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nyamaza mpaka neno la mwisho.

Neno hilo la mwisho lina uzito zaidi kwenye vitenzi vinavyokatika vipande viwili. Ich ziehe die Jacke an: navaa jaketi. Ich ziehe die Jacke aus: nalivua. Mach das Fenster auf ni fungua dirisha. Ikiishia zu, ni lifunge. Na ukitafuta rufen peke yake kwenye kamusi utapata "kuita", lakini Ich rufe dich morgen an ni nitakupigia simu kesho. Kabla ya kufungua kamusi, angalia mwisho wa sentensi, chukua kile kipande, kirudishe mbele ya kitenzi, kisha tafuta anrufen.

Ukizungumza wewe, katika sentensi ya taarifa weka kitenzi nafasi ya pili. Nafasi ya pili, si neno la pili: Heute Abend koche ich Reis (leo jioni napika wali) ni sahihi, kwa kuwa heute Abend inahesabiwa kitu kimoja. Ukitumia weil, yaani kwa sababu, kitenzi kinakwenda mwisho: weil ich krank bin, kwa sababu naumwa.

Zoea pia kwamba vitu "husimama" na "hulala". Sisi tunasema chupa ipo mezani, miwani ipo mezani. Wao: die Flasche steht, die Brille liegt. Ukiiweka wewe, ich lege die Brille auf den Tisch. Ikishatulia, sie liegt auf dem Tisch. Kwa nomino ya der kama Tisch, den ni kwa kinachokwenda mahali, dem kwa kilichokwisha tulia. Mazoezi ya jikoni, ukipanga vyombo huku ukitamka, yanafundisha hili vizuri kuliko majedwali.

Na jihadhari na maswali ya kukanusha. Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" anaweza kujibu "ndiyo", yaani ni kweli, sijala. Kijerumani hakikubali hivyo. Haben Sie noch nicht gegessen? ni hujala bado? Akijibu doch, amekula. Akijibu nein, hajala. Ja itamwacha aliyeuliza njia panda, na atakuuliza tena. Ukiulizwa wewe na huna hakika, jibu kwa sentensi nzima: Nein, ich habe noch nicht gegessen.