Maswali na Majibu: Kompyuta Yako Isitii Kila Barua

SWALI: Nashinda kazini Mokowe, kompyuta iko nyumbani Langoni. Nataka niitumie barua pepe mchana ianze kupakua faili kubwa, nikirudi nizikute tayari. Yawezekana? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Yawezekana, na si mbinu mpya. Fungua anwani ya pili ya barua pepe kwa kazi hiyo tu. Ile ya mambo ya benki usiiguse. Nyumbani weka skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia, inayochungulia kisanduku hicho kila baada ya dakika chache kwa IMAP, utaratibu wa kusomea barua zilizo kwenye seva. Ikikuta barua yenye maneno uliyoipa, itoe kiambatisho cha torenti, faili ndogo inayoonyesha pa kuipata ile kubwa, na kukiweka kwenye folda maalumu. Programu za kupakulia torenti, qBittorrent na Transmission, zote zinaweza kuvizia folda: faili ikitua humo, upakuaji unaanza. Uzuri wake ni kwamba kompyuta ndiyo inayotoka kwenda kuchukua barua. Hufungui mlango wowote kwenye ruta, na hata kama kampuni ya intaneti imewagawia wateja wengi anwani moja ya IP, namba inayokutambulisha mtandaoni, mambo yanakwenda. Wanaotoboa ruta ili waifikie kompyuta wakiwa nje wanajitafutia balaa.

SWALI: Mimi nimeipa skripti sharti: barua ikitoka kwangu, tii. Si inatosha? (Malindi)

JIBU: Haitoshi, na nimechoka kulisema. Jina la mtumaji kwenye barua pepe ni kama jina la nyuma ya bahasha: mwandishi huandika atakalo. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua hizi tangu 1982, uliundwa bila kumdai mtumaji kitambulisho. Ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC, wa kupima kama barua kweli imetoka inakodai, ulikuja baadaye, na skripti nyingi za nyumbani wala hazitazami matokeo yake. Weka neno la siri refu, lisilobahatishika, kwenye kichwa cha barua. Skripti ipokee faili za torenti peke yake na isiendeshe programu yoyote.

Hapo ndipo wengi huharibu. Wanaona raha kompyuta ipakue na ifungue papo hapo. Kuendesha kilichopakuliwa ni kazi ya mtu aliyekaa mbele ya kioo akakitazama kwanza. Windows isipobadilishwa huficha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo "ankara.pdf.exe" utaiona "ankara.pdf" na utabonyeza. Zima mficho huo leo. Na kumbuka neno lako la siri limebaki kwenye barua ulizotuma kwa simu. Simu ikiibiwa, libadilishe kabla hujaanza kulia.

SWALI: Gmail yakataa nywila yangu kwenye skripti, na nina hakika ni sahihi.

JIBU: Swali hili halichoki kurudi. Google ilianza kuifunga njia ya programu kuingia kwa nywila tupu, kwa akaunti za kawaida, Mei 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16, uipe skripti.

SWALI: Kompyuta ikilala je?

JIBU: Iliyolala haisomi barua. Izuie kulala.

SWALI: Stima hukatika sana huku Maweni. Upakuaji huanza upya?

JIBU: Torenti huendelea ilipoishia, kwa kuwa faili imekatwa vipande na kila kipande hukaguliwa. Shida ni kompyuta kubaki imezimika stima irudipo. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, utafute mpangilio wa kuwaka umeme ukirejea. Wenye laptopu wamepona hapo, ila ruta nayo inataka betri yake.

SWALI: Naweza kupata sinema mpya kwa njia hii?

JIBU: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo. Tena torenti hukugeuza mgawaji: unapopakua, unawapakulia wengine, na anwani yako ya IP wanaiona. Pakua Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure, au Wikipedia ya Kiwix ya kusoma bila intaneti. Hizo hutolewa kwa torenti kihalali, na walimu wetu wangefaidika nazo kuliko sinema.

SWALI: Kijana wa saiba ndiye aliyenifungulia anwani na kunipangia yote. Nibadilishe nini?

JIBU: Kila anachokijua. Anza na nywila, kisha namba ya simu ya kurejeshea akaunti, maana huenda ni yake. Halafu tazama mpangilio wa kupeleka barua kwenye anwani nyingine. Ukiuacha, nakala zitaendelea kumfikia hata nywila ikiwa mpya. Kwenye simu hutaupata, kaa kwenye kompyuta. Nywila ya akaunti ikibadilika, ile ya programu hufutika. Tengeneza nyingine uiingize kwenye skripti, usije ukaniandikia kwamba Gmail imeikataa.