Je, inafaa kutibiwa kwa bakteria wa kinyesi cha mtu mwingine?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mdogo wangu yuko Uingereza. Alitumia antibayotiki akashikwa na kuhara, na sasa kumemrudia mara ya tatu. Madaktari wanataka kumpandikizia bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya. Mama hapa Mikindani amekataa: anasema ni najisi, mtoto arudi ale vyakula vya kwetu. Tufuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Allah amponye.

Mama hakukosea, kinyesi cha binadamu ni najisi. Lakini maulamaa wetu wa Kishafi wameruhusu kujitibu kwa najisi pale dawa tohara inaposhindwa, kwa kauli ya tabibu mwaminifu, na Qur'ani imemwondolea dhambi aliyelazimika (2:173). Mdogo wako dawa kapewa, na ugonjwa umerudi. Uholanzi, katika utafiti uliotolewa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 wa kuhara kunakorudi namna hii walipona kwa kupandikizwa mara moja tu. Basi mama asimzuie. Ila ifanyike hospitali, kwa kinyesi kilichopimwa: mwaka 2019 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyeambukizwa bakteria sugu kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo neno la mama kuhusu chakula nalishika kwa mikono miwili. Bakteria hao ni viumbe hai, na riziki yao ni nyuzinyuzi za vyakula kama kunde na mbaazi, ambazo tumbo letu haliwezi kusaga. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2025 kwamba panya waliopewa antibayotiki, kisha wakalishwa mafuta mengi na nyuzinyuzi chache, bakteria wa matumbo yao hawakurudi sawa hata walipopandikizwa. Wa panya waliolishwa nyuzinyuzi walirudi. Ni panya, si watu, lakini nalichukulia kwa uzito. Juzi baada ya alfajiri nilinunua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ya moto, mama muuzaji akanifungia kwenye gazeti na chumvi ya pilipili pembeni. Vijana wawili wakanipita na chipsi. Niliumia moyo, maana majumbani mwao mbaazi na kunde zimejaa.

Kwa hiyo apandikizwe kwanza. Kunde na mbaazi aanze kidogokidogo daktari akimruhusu.

Akitibiwa mchana wa Ramadhani, kwa mpira wa kuingizwa tumboni au kwa vidonge, saumu imebatilika, atailipa akipona. Na maadamu kuhara hakukatiki, atajisafisha na kutawadha wakati wa sala ukishaingia, aswali faradhi yake papo hapo, hata kikimtoka kitu ndani ya sala.