Muulize Mzee Hesabu: Kura na dhiki za pwani ya Uingereza

SWALI: Mzee Hesabu, habari za huko. Nasoma masta hapa Kampala, risachi yangu ni miji ya pwani ya Uingereza, kama dhiki ndo inawasukuma watu kupigia vyama vya kuwapinga wakubwa. Nimechukua indeksi yao ya dhiki ya 2019 nikaipanga kwenye Eksel na kura za Brexit, ile kura ya maoni ya 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya, korelesheni imetoka minus, yaani ati palipo na dhiki zaidi ndo walitaka kubaki Ulaya! Supavaiza kacheka tu akaniambia rudi ukaangalie. Au nimekosea kuchagua topiki hii, mtu hata bahari sijawahi kuiona? – Mwanafunzi, Wandegeya

JIBU: Mwanangu pole, na supavaiza wako msamehe, wangu enzi zile hata kucheka hakucheka, alinirudishia karatasi imeandikwa "hapana" basi.

Tuanze na hiyo minus. Umeingiza safu ya nafasi badala ya safu ya alama, naweza kuweka dau la rolex mbili, zile chapati za mayai. Kwenye hiyo indeksi nafasi ya 1 ndo mtaa wenye dhiki kuliko yote England na nafasi ya 32,844 ndo mtaa wa raha mustarehe, kwa hiyo namba ikipanda dhiki inashuka. Weka alama, ishara itageuka. Lakini ikigeuka usikimbilie kuandika chapta, maana tatizo kubwa liko chini yake.

Sisi hapa kura zinahesabiwa palepale kituoni, fomu ya DR, ile ya kutangaza matokeo ya kituo, inajazwa, watu wanaipiga picha na simu, jioni unajua kituo chenu kimesema nini. Waingereza hawako hivyo. Masanduku yanapelekwa ukumbi mmoja na karatasi za vituo tofauti zinachanganywa kabla ya kuhesabiwa, makusudi, ili mtu asijue mtaa fulani ulipiga vipi. Ya ubunge matokeo yanatoka kwa jimbo, ya Brexit yalitoka kwa wilaya. Dhiki nayo inapimwa kwa vimitaa vya watu kama 1,500 hivi. Sasa wewe umechukua dhiki ya kimtaa ukaioa na kura ya wilaya nzima, hiyo ndoa haina mashahidi.

Angalia Jaywick, kijiji cha pwani. Ni vijumba vya chini vilivyojengwa miaka ya 1930 viwe vya likizo kwa watu wa London, barabara nyingine zina majina ya magari, Austin, Hillman, halafu watu wakahamia jumla. Kimtaa kimoja cha hapo kimetoka cha kwanza kwa dhiki England nzima 2010, 2015, 2019 na tena 2025. Wilaya yake ni Tendring, ilipiga 69.5% kutoka Ulaya, ukisikia hivyo unasema haya, dhiki imeongea. Ngoja. Humohumo Tendring kuna Frinton, mji wa wastaafu wenye pesa zao na bustani zilizopigwa pasi, na kura zao zimo ndani ya hiyo 69.5%. Nani alipiga nini? Hiyo namba haikuambii, na usiilazimishe ikuambie. Usiandike "maskini walipiga hivi", andika "wilaya zenye dhiki zaidi zilipiga hivi", supavaiza atanyamaza.

Halafu tafuta mahali panapokukatalia. Blackpool, mji mwingine wa pwani, mwaka 2019 ilikuwa na vimitaa 8 kati ya vile 10 vyenye dhiki kuliko vyote England, ikapiga 67.5% kutoka, sawa, inakufurahisha. Lakini Liverpool nayo dhiki yake ni kubwa sana na iko kwenye maji vilevile, ikapiga 58.2% kubaki! Brighton wa pwani wakapiga 68.6% kubaki. Kwa hiyo si bahari peke yake na si dhiki peke yake. Weka umri, maana wazee wengi wanahamia pwani kustaafu na vijana wanaondoka, na weka elimu, hiyo ndo usiiache kabisa. BBC waliziomba halmashauri takwimu za kata wakapata kata zaidi ya 1,000, na kilichofuatana na kura ya Brexit kuliko vyote kilikuwa kiwango cha masomo.

Ukienda kwenye ubunge, jimbo la Clacton ndo hadithi yenyewe, Jaywick iko humo: 2014 mbunge wake Douglas Carswell alihamia UKIP, chama kilichotaka kutoka Ulaya, akashinda uchaguzi mdogo, 2024 Nigel Farage akalichukua kwa chama chake cha Reform. Ila 2024 hiyohiyo Labour, chama kikubwa cha zamani, walichukua majimbo ya pwani ya Hastings na Blackpool South, usiwafiche kwa sababu wanaharibu grafu yako. Na mipaka ya majimbo mengi ilibadilishwa kabla ya 2024, jina moja si lazima liwe eneo moja, hapo watu wanaumia sana.

Kuhusu bahari kutoiona, muulize mtu wa Kalangala, kule visiwani Ziwa Victoria. Mji wa pwani nusu ya majirani zake ni samaki, kazi inatoka upande mmoja tu, treni inaishia hapo. Watalii walipoanza kupanda ndege kwenda Hispania miaka ya 60 na 70, zile gesti za Blackpool zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga, wakaingia watu wanaosaidiwa kodi ya nyumba na serikali, na kazi iliyobaki ni ya msimu wa joto tu. Mwaka 2021 mganga mkuu wao, Chris Whitty, alitoa ripoti nzima juu ya afya ya watu wa pwani, isome kabla ya chapta ya pili.

Dhiki ya wilaya usiijumlishe mwenyewe kwa mkono, serikali yao inatoa faili la wilaya tayari, na la majimbo liko maktaba ya bunge lao. Na tafadhali sevu kazi kwenye flashi mbili, hizi umeme za Wandegeya tunazijua.