Usitoboe bomba la moshi kabla hujajua maji yatarudi wapi

Weka chini hiyo dirili, na kama umekwisha kumpa fundi malipo ya awali, yahesabu kuwa ni sadaka. Umeandika kwamba mashua ya tanga uliyoinunua hapo Malindi ni ya zamani, kwamba injini yake ya dizeli imekaa chini karibu na mkuku, kwamba bomba la moshi ni kavu, yaani halipitishi maji, na limeanza kubabua mbao za chumba cha injini, na kwamba fundi amekushauri uyachukue maji ya chumvi yanayopoza injini, ambayo sasa yanamwagika ubavuni, uyaingize katika bomba hilo inchi tano tu nyuma ya manifoldi, yaani pale moshi unapotokea kwenye injini, kisha ufunge mpira kutoka hapo mpaka tezi, nyuma ya mashua. Umeuliza pia juu ya kitambaa cha kuzungushia bomba, aina ya chuma, kelele na ukubwa wa pampu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mara zote mbili nimesikia sauti ya fundi wangu mwenyewe, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi hapa Lamu, na nilipoyafuata nilipoteza injini.

Wazo la kupoza moshi kwa maji lenyewe halina kosa. Moshi wa dizeli iliyo kazini huweza kufika nyuzi 400 na kupindukia, na ukichanganywa na maji ya bahari hupoa kiasi cha kupita katika mpira bila kuuyeyusha. Mashua nyingi za kisasa zimetengenezwa hivyo kiwandani. Kosa liko mahali pa kuyakutanisha maji na moshi. Fundi wako anatazama injini inapofanya kazi, wala hajajiuliza hata kidogo yatakayotokea ukishaizima ukaenda kulala.

Injini yangu ilikuwa ya silinda mbili, kila moja yapata nusu lita, na kama yako ilikuwa imekaa chini ya usawa wa bahari. Fundi alichomelea kipande cha bomba karibu na manifoldi, akafunga mpira, akaweka chini yake sailensa ya maji, chombo cha kupokea maji na kupunguza kelele ya moshi, kisha akauvuta mpira wa moshi ukatokea tezi. Tuliiwasha gatini watu wakitazama. Maji yalitoka nyuma kwa mafungu, tupu, tupu, tupu, na bomba ambalo mwezi uliotangulia lilinichuna ngozi ya kiganja sasa nililishika kama ninavyoshika kikombe cha chai iliyopoa. Nikamlipa fundi na nyongeza juu. Nakiri kwamba nyongeza ile ilitoka kwa furaha, na ndiyo inayoniuma kuliko malipo yenyewe.

Siku ya tatu nilichukua wageni kwenda Manda kutazama magofu ya Takwa, nikatia nanga nje ya hori, nikazima injini, na kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa umeamka tukaamua kulala hapo hapo. Koki ya maji ya bahari niliiacha wazi, kama nilivyoiacha wazi kwa miaka. Zamani haikuwa na madhara kwa sababu maji yaliyopita katika injini hayakuwa na njia ya kuingia kwenye moshi. Usiku ule yalikuwa nayo. Mapanga ya impela, lile gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, ni ya mpira, nayo hayazibi njia kabisa, hasa yakichakaa. Maji yalipenya taratibu, yakapita katika injini, yakaanguka ndani ya bomba la moshi, yakajaza sailensa, kisha yakafanya yale ambayo kila mtoto wa pwani anayajua: yakapanda mpaka yakalingana na bahari iliyoko nje. Manifoldi yangu ilikuwa chini ya usawa huo. Valvu moja ya moshi ilikuwa wazi, na maji yakaingia silindani kama mwenye nyumba.

Asubuhi nilibonyeza stata. Ikagonga mara moja, tk, ikanyamaza. Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa kuliko yote, nami naomba ulisome kwa utulivu hata kama mengine utayaruka. Nilimpigia fundi simu, naye bila kuuliza swali hata moja akasema betri imelala. Nikaazima betri ya pili katika mashua ya jirani, nikaiunganisha na yangu, nikabonyeza tena. Safari hii ikazunguka kidogo, silinda iliyokuwa kavu ikashika moto, na pistoni ya silinda ya pili ikasukumwa juu kwenye maji. Maji hayabanwi. Silinda ya nusu lita yenye mkandamizo wa 20 kwa 1 hubakiwa na nafasi ya mililita 26 hivi pistoni inapofika juu kabisa, yaani pungufu ya vijiko viwili vya kulia wali. Maji yakizidi hapo, lazima kitu kingine kiondoke. Kwangu iliondoka konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Ulisikika mshindo mmoja mzito ambao mgeni mmoja aliudhania kuwa nanga imeanguka.

Kama ningetoa nozeli zote mbili, zile zinazopulizia dizeli silindani, kabla ya kugusa betri, nikaizungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye pulei ya mbele, maji yangeruka nje kupitia matundu ya nozeli na hasara yangu ingekuwa kumwaga oili na asubuhi moja ya kunuka dizeli. Nilifanya hivyo baadaye, konrodi ikiwa imekwisha kupinda, na maji yakanirukia kifuani mpaka kikoi kikalowa. Nilipochomoa kijiti cha oili kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na povu lake juu. Kwa hiyo stata ikigonga na kukataa baada ya mashua kulala majini, usiitie nguvu. Nozeli kwanza, betri baadaye.

Injini ilishushwa gatini na kubebwa na wanaume wanne kwa mpiko katika vichochoro ambamo hata punda wawili hupishana kwa adabu, na kila baraza tuliyopita palikuwa na mtu wa kuuliza tunazika nini. Tangu siku hiyo mashua yangu inaitwa Birika. Nimelizoea jina, hata wajukuu wangu wanalitumia, na siku hizi nadai kwamba nililichagua mwenyewe.

Kuhusu fundi yule, jina lake nalificha kwa kuwahurumia wanawe. Ni fundi wa malori, tena mzuri wa malori, na lori halilali baharini. Nilipomwuliza kabla ya kazi kama maji hayawezi kurudi, alicheka akasema moshi una nguvu, utayasukuma nje. Alisema kweli, ila aliisema nusu yake: moshi una nguvu injini ikiwa inanguruma. Ikizimwa hakuna moshi, na bahari haizimwi. Nilipomrudia na konrodi mkononi alinieleza kwamba nilipaswa kufunga koki. Naam, nilipaswa, na sasa naifunga kila usiku. Lakini chombo ambacho usalama wake unategemea mzee aliyechoka akumbuke koki gizani ni chombo kilichofungwa vibaya.

Basi shika hili moja: maji yasikutane na moshi mpaka moshi uwe umepanda juu ya usawa wa bahari na kuanza kuteremka. Bomba litoke kwenye manifoldi likiwa kavu, lipande, lipinde, na maji yaingie katika mteremko wa upande wa pili, ili yakianguka yaangukie kwenye sailensa na yasipate njia ya kurudi nyuma. Sailensa nayo ikae chini ya mahali hapo, iwe kubwa ya kutosha kupokea maji yote yanayorudi mpirani injini ikizimwa. Mpira wa kipenyo cha milimita 50 hubeba karibu lita mbili kwa kila mita, basi upime wako usikisie. Kutoka hapo mpira upande tena upinde juu kabla ya kutokea tezi, kwa sababu wimbi la nyuma halibishi hodi.

Na mpira mwembamba unaoleta maji kutoka kwenye injini hadi mahali pa kuingilia, ikiwa mahali hapo hapakuzidi usawa wa bahari kwa sentimita 15 au zaidi, lazima upandishwe kwanza juu vya kutosha, karibu na katikati ya mashua, na kileleni uwekewe valvu ndogo ya kuingiza hewa. Bila hewa kuingia pale juu, maji yakishaanza kutiririka yataendelea kujivuta yenyewe, kama dizeli unayoivuta kwa mdomo kutoka kwenye pipa. Valvu hiyo huziba kwa chumvi, basi ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila mara. Mimi hata baada ya kuiweka naendelea kuishuku.

Sehemu kavu inayopanda itabaki na moto ule ule, kwa hiyo izungushiwe kitambaa cha nyuzi za kioo kinachohimili joto. Lile zungushio jeupe la kamba lililomo sasa usilikwanyue likiwa kavu, kwa kuwa mashua nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe kwanza na uvae barakoa inayofaa. Bomba la kawaida la chuma litaliwa na chumvi upesi mno pale maji yanapopiga. Hata chuma kisichoshika kutu hutoboka siku moja kwenye kiungo cha kuchomelea, na tundu hilo huleta chumbani hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo usilale humo injini ikiwaka.

Usawa wa bahari ninaousema ni ule wa ubavuni mwa chombo. Mzee mmoja wa barazani alibishana nami mchana kutwa kwamba nipime siku ya bamvua, maji yanapokuwa makubwa, nami kwa heshima ya umri wake nilinyamaza, lakini mashua inayoelea hupanda pamoja na bamvua. Kinachobadilisha usawa wako ni mzigo, watu waliokaa tezi, na chombo kinapolala kwa upepo wa tanga.

Tafuta ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi wa ujenzi hupimia msingi wa nyumba. Ujaze maji, ncha moja iweke nje ubavuni sawasawa na uso wa bahari, ncha nyingine iingize katika chumba cha injini, kisha waite watu watano wenye afya wakae tezi. Pale maji yatakaposimama ndani ya mpira, piga mstari wa chaki kwenye ubao. Halafu niandikie manifoldi yako iko juu ya mstari kwa sentimita ngapi, au chini yake kwa ngapi. Ikiwa ni chini, maji yako yaache yaendelee kumwagika ubavuni mpaka tuzungumze.