Kiu niliyoidhani ya joto

Mwezi wa pili, Dar, joto la kukaanga watu. Nani angeshangaa kwamba nina kiu? Nilikuwa namaliza soda mbili baridi kila mchana, na kabla sijarudisha chupa dukani midomo imeshakauka tena. Usiku naamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Macho yalianza kuona ukungu, nikalaumu simu. Suruali zikawa zinalegea kiunoni, hilo nikalifurahia kabisa.

Mke wangu ndiye aliyewaona sisimizi wamejipanga kwenye ukingo wa choo. "Baba Salma, kesho kapime sukari." Nikacheka. Kesho yake kule zahanati mashine ikasoma 24.6. Muuguzi akatoboa kidole kingine, namba ikabaki palepale.

Kwa asiyejua vipimo: ukipima asubuhi kabla ya kula chochote ukakuta 7.0 au zaidi, au wakati wowote 11.1 au zaidi huku una dalili kama zangu, hicho ni kiwango cha kisukari. Namba zangu ni za milimoli kwa lita; mashine yako ikisoma kwa miligramu, gawanya kwa 18.

Na zile soda ndizo zilizokuwa zinanimaliza. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo, nayo haitoki peke yake, inavuta maji ya mwili. Unakauka, unakunywa soda, sukari inapanda, unakojoa zaidi.

Nina miaka sita na ugonjwa huu sasa, na bado namba kubwa hunishtua. Siku moja nilimenya embe dodo, nikajifuta kwa kitambaa, nikapima: 19.8. Moyo ukanienda mbio. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha vidole vizuri, nikapima tena: 8.9. Sukari ilikuwa kwenye ngozi! Kwa hiyo kabla hujaogopa, nawa.

Ikiwa imepanda kweli, nakunywa maji matupu, kisha najiuliza: nimeruka dawa? Nina homa, jino linauma, kuna kidonda mguuni? Maambukizi hupandisha sukari hata kama hujala kitu. Dawa iitwayo prednisolone nayo hupandisha. Niliandikiwa nilipobanwa na kifua, nikashinda kwenye 15 siku tatu nikimlaumu mama mkwe na wali wake wa nazi bure.

Kosa langu kubwa lilikuwa la haraka. Nilijichoma insulini, sindano ya kushusha sukari, baada ya saa moja nikaona namba haijashuka, nikajichoma tena. Ile ya kwanza ilikuwa bado inafanya kazi. Saa nane usiku natetemeka, jasho shuka zima, mashine inasoma 2.9, mke wangu ananinywesha maji ya sukari kwa kijiko. Ukitaka kuongeza dozi, iwe kwa utaratibu uliopewa na daktari wako, si kwa hasira.

Kuna hali ambazo hazisubiri asubuhi: kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, kusinzia au kuongea ovyo. Hapo tafuta bajaji, teksi, chochote, nenda hospitali. Vivyo hivyo mashine ikiandika HI. Haikusalimii, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kupima, na mashine nyingi hufika hapo zikivuka 33.3. Na anayetumia insulini, hasa mwenye kisukari aina ya kwanza, asiiache kwa sababu anaumwa na hali chakula. Siku kama hizo ndizo mwili unapoihitaji sana. Apime mara kwa mara na ampigie daktari wake.

Mengine ni ya kila siku. Dona nakula, ila siyo mlima, ingawa kuna watu wanaamini dona halina sukari. Vijiti vya kupimia ni ghali, sipimi kila saa.

Mke wangu bado anachungulia ukingo wa choo kila asubuhi. Anasema mashine huishiwa betri, sisimizi hawaishiwi.