Fonti nene: anza na kitundu

Nilipoanza kuchora fonti nene za mapambo nilidhani kazi ni kuinenepesha herufi ya kawaida. Nikachukua "a" nyembamba, nikaiongezea unene pande zote, kitundu chake kikaziba. Kilichobaki ni doa jeusi lenye mkia.

Kwa hiyo wewe unayeanza, anza na kile kitundu. Amua kwanza weupe utakaobaki ndani ya "a", "e" na "g", kisha uzungushie weusi. Hizo tatu zikikaa sawa, nyingine hufuata, isipokuwa "s", ambayo mpaka leo hunitoa jasho.

Macho nayo hudanganya. Mstari wa kulala ukiwa na unene uleule wa mstari wa kusimama, huonekana mnene zaidi; upunguze. "O" yenye kimo sawa na "H" huonekana fupi. Iache ivuke kidogo juu na chini. Na pale tao la "n" linapokutana na mguu, punguza nyama, la sivyo panakuwa na uvimbe.

Mwalimu wangu mkubwa ni Cooper Black, fonti ya Oswald Cooper wa Chicago iliyotoka mwaka 1922. Ncha za miguu yake zimeviringwa, "o" imelala nyuma kidogo, na vitundu ni vidogo lakini havizibi. Unene wenyewe ni wa zamani kuliko yeye: mwanzoni mwa karne ya 19, wachapaji wa London walishanenepesha herufi za vitabu ili mabango yaonekane kwa mbali. Herufi za kuchapia za ukubwa wa mabango, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, zilikuwa nzito na ghali, na mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuzichonga za mbao kwa wingi, kwa mashine.

Matumizi? Maneno mawili matatu, makubwa: kichwa cha bango, jalada, nembo. Basi. Mteja mmoja alishikilia kipeperushi chake chote kiwe kwenye fonti moja nene, nami nikakubali kwa uoga. Kwa udogo ule, 3, 6 na 8 za namba ya simu hazikutofautiana. Tulichapa upya, kwa hela yangu.

Kabla ya kununua fonti, ijaribu kwa maneno yetu. Kiswahili kina "a" nyingi mno. Andika "karakana" uone kama "a" nne zinageuka safu ya madoa. Kisha andika "ng'ombe". Ritifaa, ile alama ( ' ) baada ya "g", katika fonti hizi mara nyingi ni nene kama kabari, huisukuma "o" mbali na "g" hadi neno likatike vipande viwili. Sogeza herufi karibu kwa mkono, jozi kwa jozi, na ikibidi chora ritifaa yako mwenyewe, nyembamba zaidi.