Re: Wapi nitapata mihadhara ya bure ya wataalamu?
Mkuu, umeuliza kama kuna chuo ambacho mtu asiye mwanafunzi anaweza kusikiliza wataalamu wa sayansi na afya bila kulipa. Kipo: Gresham College, London. Hakitoi digrii, kazi yake ni mihadhara ya bure kwa yeyote, tangu 1597, kutokana na wosia wa mfanyabiashara Thomas Gresham. Novemba 28, 1660, Christopher Wren, profesa wa falaki, alipomaliza mhadhara wake pale, baadhi ya waliohudhuria walibaki wakizungumza, na kikao hicho ndicho kilichozaa Royal Society, chama maarufu cha wanasayansi cha Uingereza.

Kwa upande wa afya, anza na Chris Whitty, yule Mganga Mkuu wa Serikali wa England wakati wa korona. Anachambua magonjwa ya mlipuko taratibu, kwa ramani na grafu, kisha anapokea maswali. Usikatize kabla ya maswali! Hapo ndipo napapenda zaidi, maana mtaalamu hulazimika kuacha istilahi na kusema waziwazi.

Video zipo YouTube. Bando likibana, tovuti yao ina mihadhara mingi kwa maandishi. Pakua, usome polepole na kamusi pembeni.